Kabla ya Kupiga Windows Upya, Tazama BIOS
Matunzo ya Kompyuta ya Mtumba: Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliona jinsi umeme unaopanda na kushuka unavyoua pawasaplai. Leo tunageukia hitilafu inayoonekana kubwa kuliko ilivyo: kompyuta iliyopoteza mipangilio yake ya BIOS.

Wenye stesheneri wa Tandika, Mbagala, Sinza na Manzese wanazijua dalili zake. Mashine inawashwa asubuhi, inasimama kwenye kioo cheusi na kudai ubonyeze F1. Saa imerudi nyuma miaka kadhaa. Tovuti ya mikopo ya wanafunzi inakataa kufunguka, na mteja analaumu bando. Kumbe cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa saa ya mashine hiyo, tarehe ya kuanza bado haijafika. Siku nyingine Windows haiwaki kabisa. Hapo ndipo neno linapotoka haraka: "Tupige Windows upya." Kazi inafanyika, mafaili yanapotea, na pengine kosa linabaki palepale.

BIOS ni programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mazabodi. Ndiyo inayoamka kwanza umeme ukiingia: hukagua vifaa, hutafuta diski, kisha huikabidhi kazi Windows. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilipangwa kwa swichi ndogo juu ya mazabodi. Mwaka 1984 IBM walitoa mashine ya AT, iliyohifadhi mipangilio kwenye chipu ya saa yenye baiti 64: 14 za saa yenyewe, 50 za mengineyo. Kumbukumbu hiyo husahau yote ikikosa umeme, ndiyo maana ikawekewa betri. Siku hizi kwa kawaida ni CR2032, kidonge cha volti 3, chenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2.

Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, hupata umeme mdogo wa kuitunza saa, na betri hupumzika. Ukizima swichi ya ukutani kila jioni unaikinga mashine na radi, lakini mzigo wa usiku unabebwa na betri. Unguja ilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kukatika kwa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, huku kwetu Kinondoni, hadi Fumba, kila kompyuta isiyo na jenereta iliendesha saa yake kwa betri hiyo tu. Betri mpya haitishwi na miezi mitatu, iliyokwishachoka haifiki. Mashine ya mtumba iliyolala ghalani na kwenye kontena imepitia hayohayo kabla hujaiona Kariakoo.

Katika mashine za zamani, BIOS hujumlisha tarakimu za mipangilio na kulinganisha na jumla iliyoandikwa awali. Zisipolingana, hurudisha mipangilio ya kiwandani. Mashine mpya zaidi hufuata mfumo wa UEFI, ambao jumuiya yake iliundwa mwaka 2005, na nyingi huweka mipangilio ndani ya chipu ileile yenye programu. Hapo betri ikifa, aghalabu ni saa tu inayopotea, na kuitoa betri huenda kusirekebishe kitu. Hifadhi yenyewe nayo huweza kuvurugika: mwaka 2013 baadhi ya kompyuta mpakato za Samsung zilikataa kuwaka kabisa baada ya sehemu hiyo kujazwa data kupita kiasi.

Basi tuanze na lililo rahisi. Piga picha ujumbe ulio kwenye kioo. Chomoa waya, na betri kubwa ikiwa ni mpakato inayotoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Jaribu tena. Saa ikiwa bado inarudi nyuma, badilisha betri ndogo, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu; bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Mipangilio ikiwa bado imevurugika, tafuta kwenye mazabodi pini zilizoandikwa CLR CMOS au CLRTC, waya ukiwa umechomolewa, uzigusanishe kwa jampa kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza.

Sasa ingia BIOS, rudisha mipangilio ya kiwandani, weka tarehe. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo penye mtego. Kompyuta nyingi za Dell zilizotoka maofisini huwa zimepangwa kiwandani zitumie diski kwa mtindo wa RAID. Fundi aliyepiga Windows huenda aliugeuza kuwa AHCI. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, RAID inarudi nayo, na Windows inaangukia kioo cha buluu ikidai haiioni diski. Diski ni nzima na mafaili yapo. Geuza neno moja tu: RAID iwe AHCI. Ndivyo ilivyo pia kwa Windows iliyowekwa kwa mtindo wa zamani, uitwao Legacy: haiwaki BIOS ikiwa kwenye UEFI.

Tahadhari moja: diski iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya mabadiliko haya. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine kabla hujagusa chochote.

Ikiwa feni inazunguka na kioo ni cheusi, huenda programu yenyewe imeharibika. Virusi vya CIH vilifanya hivyo duniani kote tarehe 26 Aprili 1999. Kwetu mkosaji anaweza kuwa umeme uliokatika BIOS ikisasishwa. Mpakato nyingi za HP hujiponya kwa flashi yenye faili la mtengenezaji, ukishikilia kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha. Dell nyingi hutumia Ctrl na Esc. Ikishindikana, fundi ataiandika chipu kwa kifaa maalumu. Mwambie kwanza anakili kilichomo hata kama kimeharibika, kwa kuwa humo mara nyingi mna namba ya mashine na leseni ya Windows. Akiweka nakala ya mashine nyingine bila kuhamisha hayo, yako itabeba utambulisho usio wake.

Kinga ni ya dakika chache. Leo, mashine ikiwa nzima, ingia BIOS na upige kwa simu picha ya kila ukurasa. Usiisasishe bila UPS, au bila betri iliyojaa na chaja ikiwa ni mpakato. Fundi akitaja kupiga Windows, mwonyeshe picha hizo kwanza mlinganishe.

Wiki ijayo: diski inayogonga, na namna ya kuokoa mafaili kabla haijanyamaza.