Mama mwenye mzigo naye awekwe barabarani

Mama wenzangu, ukifika Goma utaona sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya rond-point: mwanaume anasukuma chukudu. Tunaipenda, na ni haki. Chukudu imebeba makaa, viazi na mbao za Kivu kwa miaka mingi. Miji mingine huweka wakubwa na majemadari. Goma imemweka mtu wa kazi.

Lakini huku kwetu mzigo haubebwi na chukudu peke yake. Asubuhi, kwenye vilima vya Butembo, akina mama wanashuka sokoni na mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Huyo mama hayumo katika sanamu ile. Beni nayo ina bulevari yenye jina la Nyamwisi, mwanasiasa aliyeuawa Butembo mwaka 1993. Sisemi jina liondolewe. Nasema nafasi bado zipo.

Tazameni Dar es Salaam. Tangu mwaka 1927 katikati ya barabara pale imesimama Sanamu ya Askari, kumbukumbu ya vita vya kwanza vya dunia. Juu yuko askari na bunduki yake. Wapagazi, wale waliobeba chakula na risasi za jeshi, wanakumbukwa kwa maandishi, chini. Nani anainama kuyasoma, magari yakimpita?

Kwa hiyo siku komine zetu zitakapopanga sanamu au michoro ya barabara, tusingoje kualikwa kwenye sherehe ya kufungua. Wakati huo saruji imekwisha kukauka.

Mimi ni mwalimu, nitasema na jambo la watoto. Niliwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wachore njia wanayopita kuja shuleni. Wengi walichora pikipiki kubwa kuliko nyumba, na pembeni mtoto mdogo kama punje ya mahindi. Nilizitazama karatasi zile kwa muda mrefu. Mpango wa sanamu hauwezi kuanza na uzuri. Uanze na mahali watoto wanapovukia. Ukuta mpana au maua marefu karibu na kivuko yanamficha mtoto, na motari anamwona akiwa tayari mbele ya gurudumu. Hapo pabaki wazi. Michoro iende kwenye kuta za mifereji na za shule, ambako haimzibii mtu macho.

Jingine ni vifaa. Pembe za ndovu za Mombasa, zile zinazovuka barabara juu ya magari, ziliwekwa mwaka 1952 kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Uingereza. Baadaye zilijengwa upya kwa alumini, na hizo ndizo zinazosimama mpaka leo. Mvua yetu na vumbi letu jekundu havitaihurumia rangi ya bei rahisi. Tuulize pia nani ataosha. Kama jibu ni salongo, tunajua ni mikono ya nani.

Komine ikiita mkutano, kila kikundi kitume mama wawili: mmoja anayeuza kando ya barabara, mmoja mwenye mtoto anayevuka kwenda shule. Waende na mchoro wao mkononi. Karatasi za watoto ninazo bado; kikundi kinachozitaka kije kuzichukua.