Kabamba, Maporomoko ya Ruwenzori

Wakazi wa vilima vya Maliba na jirani zao wa Ibanda, wilayani Kasese, wameizoea mito ishukayo kutoka Ruwenzori. Hata hivyo, ni wachache waliopata kupanda hadi maporomoko ya Kabamba, katika bonde la juu la mto Mubuku. Mahali hapo ni kama kisiwa: ukungu huzunguka pande zote, na lobelia ndefu kupita kimo cha mtu, isiyoota katika tambarare za chini, husimama kama walinzi.

Safari huanzia Nyakalengija. Siku ya kwanza ni kupanda msituni hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili ni mianzi, kisha matope, kisha matope tena. Asiyeyapenda na abaki nyumbani. Ndipo maji yaonekanapo yakijitupa kutoka ukingo wa jabali, na karibu yake pana mwamba ulioinama ambapo wapagazi hujikinga mvua.

Wengi husema maji hayo ni theluji iliyoyeyuka. Sivyo. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipofika vileleni, barafu ya Ruwenzori ilizidi kilometa za mraba 6. Mwaka 2003 haikufikia hata 1. Watafiti waliopima Mubuku waliona kuwa barafu huuchangia maji kidogo mno. Kinachoulisha ni mvua, ikihifadhiwa na vinamasi pamoja na kuvumwani, yale majani mafupi laini yavikayo magogo na mawe. Hunywa maji kama tambara nene, kisha huyaachia polepole hata wakati wa kiangazi. Ndiyo yazungushayo mitambo ya umeme ya Bugoye tangu mwaka 2009. Mvua inapozidi uwezo wa mlima kuizuia, huwa kama Mei 2013 na Mei 2020, mito ya Kasese ilipobeba mawe na nyumba.

Kwa hiyo penye vidaraja vya mbao mgeni asishuke pembeni, hata akiwa na haraka: shimo la unyayo mmoja kinamasini halizibi upesi.

Atakaye kwenda achague Januari, Februari, Julai au Agosti. Alipe ada ya hifadhi, akodi kiongozi Mkonzo, na afunge sweta mbili na soksi za sufu katika mfuko usiopitisha maji. Viatu viwe mabuti ya mpira. Vya ngozi viachwe Kasese.