Nyota Kali, Dadu na Mkeka: Je, Bahati Yaweza Kununuliwa?

Ukipita mitaa ya Malindi, au ukishuka hadi Kilifi na Mtwapa, hutakosa kumsikia mtu akisema kwamba fulani ana nyota kali na fulani ana nuksi. Maneno haya ni ya zamani hapa pwani. Wazee wetu waliyatumia katika mambo ya safari, ndoa na biashara. Siku hizi yamehamia kwenye kamari. Barobaro akishinda "mkeka" wake wa kandanda katika simu, wenzake husema nyota yake imeng'ara. Akishindwa mara kumi mfululizo, huambiwa kwamba nyota yake imefungwa, na shauri la kwanza apewalo ni kwenda kutazamiwa. Huko kwa mganga hupigiwa ramli au mburuga, hutajiwa dawa na bei yake, na zile shilingi chache zilizobaki humalizikia hapo.

Je, msomaji, yamo ya kweli katika jambo hili? Yuko mwanadamu awezaye, kwa nyota yake, kwa hirizi au kwa nguvu za moyo wake, kuilazimisha dadu iangukie upande autakao?

WATAALAMU WALIJARIBU

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 1934 mcheza kamari mmoja alimwendea J. B. Rhine, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, akadai kwamba aweza kuiamrisha dadu kwa nia tu. Rhine hakumcheka. Tayari alikuwa akiwapima watu kwa karata 25 zenye alama 5, ambapo mtu akibahatisha bila kuona hupata karata 5 hivi. Basi akaanza kurusha dadu pia, na baada ya miaka mingi akasema ameona dalili za nguvu hiyo. Lakini wataalamu wengine waliporudia majaribio chini ya uangalizi mkali, dalili hizo zilitoweka. Uingereza nako alitokea S. G. Soal, aliyesifiwa kwa majaribio kama hayo, mpaka mwaka 1978 ilipobainishwa kwamba hesabu zake zilikuwa zimechezewa. Na kwa miaka mingi, hadi 2015, mwanamazingaombwe James Randi wa Marekani alikuwa na zawadi iliyofika dola milioni 1 kwa yeyote atakayeonyesha uwezo kama huo katika masharti yaliyokubaliwa na pande zote. Hakuna aliyeichukua.

NYUMBA YA KAMARI YAMWOGOPA NANI?

Tuache ya mbali. Malindi yetu, iliyopendwa sana na Wataliana, nayo ilipata kasino yake katika barabara ya Lamu. Litazame gurudumu la ruleti jinsi lilivyotengenezwa. Lina vituo 37, yaani sifuri na namba 1 hadi 36. Ukiweka shilingi 100 juu ya namba moja nayo ikatoka, hulipwa mara 35 na kurudishiwa dau lako. Sasa piga hesabu: ukicheza mara 37, utatoa shilingi 3,700, na kwa wastani utapata 3,600. Shilingi 100 imebaki kwa mwenye nyumba. Haikuchukuliwa kwa uchawi wala kwa wizi. Imo katika gurudumu lenyewe.

Kama wangekuwako watu wenye uwezo wa kuona namba kabla ya kutoka, nyumba hizo zingekuwa zimefungwa zamani. Mwenye kasino hamzuii mtu mlangoni kwa sababu amevaa hirizi. Anayemzuia ni mwenye hesabu. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hesabu wa Marekani, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi ya kukumbuka karata zilizokwisha kutoka katika mchezo wa ishirini na moja, ili kujua zilizobaki. Hapo wenye kasino walishtuka, wakabadili namna ya kuchanganya karata, na watu wa namna yake wakafukuzwa. Hiyo peke yake yatosha kuwa ushahidi.

Wengine husema, "Nimeshindwa mara nyingi, sasa zamu yangu imefika." La hasha! Dadu haina kumbukumbu. Mwaka 1913, huko Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga mali zao juu ya nyekundu, wakiamini kwamba haiwezi kuchelewa tena. Ikachelewa, nao wakafilisika.

KWA NINI TWAAMINI?

Mwaka 1948 B. F. Skinner wa Marekani alieleza habari za njiwa wenye njaa waliokuwa wakipewa chakula kila baada ya muda fulani, wafanye wasifanye. Baadhi yao walianza kuzunguka, wengine kutikisa kichwa, kana kwamba vitendo hivyo ndivyo vilivyoleta chakula. Mwanadamu naye hushinda siku aliyovaa shati fulani, basi shati likawa dawa. Siku arobaini alizoshindwa nalo huzisahau.

Tena kuna ile habari ya mshindi. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alijipatia zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri sawasawa mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo njia za kujaza mkeka huo ni 129,140,163. Mjuzi wa kandanda aweza kupunguza ugumu huo kidogo, lakini bado ni bahari. Watu wengi mno wakitupa nyavu, mmoja atavua. Huyo twamwona gazetini. Waliorudi mikono mitupu hatuonyeshwi.

Yuko mmoja tu ambaye kweli hugeuza matokeo, naye ni yule wa pata potea kituoni mwa basi. Lakini nguvu zake zimo vidoleni, si katika nyota.

DINI ILIKWISHA KUSEMA

Sisi Waislamu twajua kwamba Sura ya al-Maida, aya ya 90, imekataza kamari pamoja na ulevi na masanamu. Lakini wangapi huangalia jambo la nne katika aya hiyohiyo? Ni mishale ya kutazamia, ambayo Waarabu wa Jahiliya waliitumia kuulizia safari na mambo yao. Na kamari yao pia ilikuwa ya mishale: waligawana nyama ya ngamia, mwenye mshale wa fungu akapata, na mwenye mshale mtupu akalipa. Kumbe kamari na kupiga bao la mganga ni mtu na nduguye, na aya imewakamata wote wawili pamoja. Anayetoka kwenye simu akaenda kwa mganga hakutoka shimoni, ameingia jingine.

Na hasara yake si ya fedha tu. Anayeamini kwamba bahati yaweza kutiwa na mtu, hana budi kuamini kwamba yaweza pia kuondolewa na mtu. Basi akishindwa, atatafuta aliyemfunga. Ni nani huyo? Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mzee wa mji: ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, au babu mwenye shamba. Katika Kilifi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, huko Ganze, wakiyaacha majumba yao na wajukuu wao. Fikira hii ya nyota iliyofungwa ni ndugu ya fikira iliyowafukuza wazee hao.

Watazameni wacheza bao la kete barazani. Kete 64, mashimo 32, na kila kitu ki wazi mbele ya macho. Aliyefungwa hamtafuti mchawi. Huuliza ni kete ipi aliyoikosea, kesho akarudi. Vijana wetu wafundishwe kuuliza swali hilo kuhusu mshahara wao: ulikwenda wapi, na nani aliupokea? Jibu halitahitaji ramli.