Siti binti Saad: Mfinyanzi Aliyekataa Kulia Gaeni

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Fundi huwauzia wengine vyungu vizima, naye akala chakula chake katika kigae. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba, Unguja, aliikataa hali hiyo. Kisa chake chafaa kusimuliwa jioni katika nyumba za Kakiika, mjini Mbarara, na zaidi katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako akina mama wengi waliotoka Kongo huwalea watoto wao kwa Kiswahili. Mtu afikaye ugenini hana shamba, hana jamaa wala jina, huulizwa upesi: huyu ni nani, na ni wa ukoo gani? Siti naye aliulizwa hivyo.

Alizaliwa yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzaramo, na jamaa yao ilihesabiwa katika tabaka la watumwa. Hata jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini amri ya serikali haifuti dharau iliyomo mioyoni mwa watu. Binti huyo hakupata kusoma shule. Alichorithi kwa mama yake ni kazi ya udongo: kufinyanga, kuchoma, kisha kujitwika vyungu kichwani na kwenda kuvitembeza.

Husemwa kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa maskini mambo si hivyo, kwani chema chake pia hakina budi kutembezwa. Alipokuwa akinadi vyungu vyake, husimuliwa kwamba sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Hivyo kazi iliyodharauliwa ndiyo iliyomfunza kupaza sauti.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya siku zile ilikuwa burudani ya wakubwa. Ilikuwa imestawishwa katika jumba la Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu, na vyama vyake vilikuwa vya wanaume. Mwanamke wa shamba hakuwa na nafasi humo. Hata hivyo Siti alipata wapigaji muziki waliotambua kipawa chake, wakamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti nzuri. Kikundi chake kilikuwa na mafundi kama Subeti Ambar, Mbaruku, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban. Pamoja nao alifanya jambo lililoonekana dogo, kumbe lilikuwa kubwa: aliimba kwa Kiswahili.

Lugha ya sokoni na jikoni ikaingia barazani. Mambo ya watu wa kawaida nayo yakaingia pamoja nayo: mapenzi na usaliti, uonevu wa wenye nguvu, hukumu zisizo za haki. Wimbo wake uitwao Kijiti ulieleza habari za mwanamke mgeni aliyeuawa mjini, na muuaji akatorokea bara. Jambo ambalo wanyonge walilinong'ona uani, yeye alilisema hadharani.

Sifa zilipozidi, husuda nayo haikukosa. Wapinzani walimwimba kwa kejeli, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini akiwa maskini, tena hana uzuri wala nasaba. Siti hakukana alikotoka, wala hakujibunia ukoo wa uongo. Alijibu kwa wimbo, akaonyesha kuwa sura na nasaba si kipimo cha mtu. Jibu hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu halikuwa na tusi wala aibu ndani yake.

Mwaka 1928 alisafiri na kikundi chake hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilienea Afrika Mashariki, zikapigwa katika mikahawa na majumbani kwa watu ambao hawakupata kamwe kumwona. Aliimba pia mbele ya Sultani. Yule aliyeitwa Mtumwa sasa aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina hilo ndilo lililodumu.

Mataifa mengine nayo yana waimbaji na washairi wa namna hii. Huko India ya kusini, filamu ya Kitelugu iitwayo Yogi Vemana, iliyotolewa mwaka 1947, ilimwonyesha mshairi Vemana, ambaye alikemea ubaguzi wa matabaka kwa lugha nyepesi iliyoeleweka na kila mtu. Watelugu walimhifadhi mshairi wao katika filamu. Waswahili walimhifadhi Siti katika kitabu, kwani Shaaban Robert alizungumza naye alipokuwa mzee, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha gazeti lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Basi kisa hiki kina faida gani nyumbani? Mbarara na Nakivale wako wasichana wanaouza mboga, mandazi na nguo za mitumba, nao husikia maneno ya kuwavunja moyo kwa sababu ya kazi yao, asili yao au lugha yao. Kiswahili chenyewe kilidharauliwa na wengi nchini Uganda kwa miaka mingi, kabla Baraza la Mawaziri halijakubali, mwaka 2022, kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mama asikiaye binti yake akiimba huku akiosha vyombo asikimbilie kumnyamazisha. Na amuulize ameuza nini leo, wateja wamesema nini, naye amewajibuje. Udongo uwahi ungali maji. Mtoto aliyefunzwa mapema kutoionea haya kazi ya mikono yake hatakosa la kusema siku atakapoulizwa ukoo wake.