Waata wa nyika ya Malindi: wenyeji tuliowageuza kuwa tusi

Nilipokuwa mdogo hapa Malindi, mtoto mchafu au anayependa kuzurura vichakani alikuwa akiambiwa, "Kwani wewe Msanye?" Na mimi nimelitamka neno hilo, Mola anisamehe. Sikujua kuwa Msanye ni mtu mwenye kwao, tena kwao si mbali. Ukiufuata mto Sabaki kwenda juu, ukapita Lango Baya hadi Chakama, ushafika.

Niligutuka nilipokuwa nikinunua asali kwa mzee mmoja wa huko bara. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kama yeye ni Mgiriama. Akacheka. "Ndivyo nilivyoandikwa shuleni, mwanangu. Sisi ni Waata."

Waata ndilo jina lao wenyewe. Sisi Waswahili tukawaita Wasanye, na Waingereza wakawaandika vitabuni kama Waliangulu. Lugha yao ni ndugu ya Kioromo, ndiyo maana Muorma wa Tana huelewana nao. Wasichanganywe na Wadahalo wa upande wa Lamu, ambao nao twawaita Wasanye, ila lugha yao ni nyengine kabisa na ina sauti za kualisha ulimi.

Maisha yao ya zamani hayakuwa ya mji wa mawe kama Gedi. Walikaa kambi ndogo ndogo, nyumba za fito zilizopindwa na kuezekwa nyasi, wakihama kwa kufuata maji, asali na wanyama. Mtu akidhani huo ni unyonge, na aupime upinde wao. Kuuvuta mpaka mwisho kulihitaji nguvu ya kunyanyua kilo 45 na zaidi, na waliowahi kuulinganisha na upinde mrefu wa vita wa Waingereza wa kale walisema wa Waata haupungui. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti ambao Wagiriama huuita mutsungu, ikaiva mpaka ikawa nyeusi kama lami. Kisha ilifungwa kwa ukanda wa ngozi isikauke wala isimchome mwenyewe. Kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe, ili ndovu akianguka mbali ijulikane ni wa nani.

Na hapa ndipo hadithi yao inapoingia majumbani mwetu. Pembe ya ndovu ni katika bidhaa zilizoitajirisha pwani hii. Muwata aliua, Mgiriama akanunua, Mswahili akauza, jahazi likapakia. Twasifu milango ya nakshi na nyumba za mababu, lakini aliyeanza ile safari kule porini tukamfanya tusi la watoto.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatangaza hifadhi ya Tsavo, na sehemu kubwa ya mawindo yao ikawa ndani ya mpaka. Walioendelea na kazi ya baba zao wakaitwa majangili. Kati ya 1956 na 1957 kukawa na msako mkubwa, wanaume wengi wakafungwa, na ile alama ya mshale iliyokuwa heshima ikawa ushahidi wa kumtia mwenyewe ndani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango huko Galana wa kuwaruhusu wawinde kwa kipimo, lakini haukuwafaa kama ulivyokusudiwa, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Sisemi ndovu wauawe. Nasema mtu aliondolewa kazi, chakula na ardhi kwa pamoja, na wengi wao wakaona afadhali wajiite Wagiriama.

Jambo hili lina uzito leo. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, yahesabu ardhi za asili za jamii za wawindaji na waokota matunda kuwa ardhi ya jamii. Lakini haki hiyo yadaiwa na nani, ikiwa shuleni wajukuu wameandikwa jina jengine na nyumbani hawaisemi lugha? Wakati maafisa wa upimaji wakija, asiyekuwa na jina hana mpaka.

Haya yametokea kwengine. Huko California, Marekani, wako Waohlone, wenyeji wa ghuba ya San Francisco, waliokuwa na vijiji vyao kando ya maji na vilima vya makombe ambamo walizika wafu wao. Mwaka 1925 mtaalamu Kroeber aliandika kwamba kwa hakika wameshatoweka. Wajukuu wao wapo hadi leo, wanahangaika kuthibitisha kuwa wako hai. Kilima chao kimoja kikubwa, huko Emeryville, kimejengwa juu yake maduka.

Na sisi tuna makaburi ya kale kuliko hayo. Katika pango la Panga ya Saidi, hapa Kilifi, watafiti walitangaza mwaka 2021 mabaki ya mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa kwa uangalifu miaka 78,000 iliyopita. Hakuna awezaye kusema ni babu wa nani. Ila nikiona tunavyompigia picha mtoto yule na kumtangaza, huku aliye hai atuuzia asali na hatumjui jina, naona haya.

Nilimuomba yule mzee anifunze maamkizi ya Kiwaata. Akanifunza, nikayakosea, akanirudia mara tatu. Mjukuu wake aliyekuja naye kubeba madumu alisimama pembeni akisikiliza. Naye pia, baadaye, akamuuliza babu yake maana yake.