Mpingo: Mti wa klarineti unaoishia kuwa makaa

KATIKA nyika ya Mbeere, kutoka Kiritiri kuteremka hadi mabwawa ya Mto Tana, mpingo ni mti mfupi wenye miiba na shina lililopinda. Wachoma makaa huupenda kwa sababu moto wake ni mkali na haufi upesi. Ni wachache wanaoukata wakijua kwamba kiini chake cheusi ndicho kinachotengenezewa klarineti na obo zinazopulizwa katika okestra za Ulaya na Marekani.

Sifa ya mti huo ni uzito. Ubao wake huzama majini, haunyonyi unyevu kwa urahisi, na fundi akiutoboa, ukuta wa ndani hubaki laini, hivyo sauti hutoka safi. Lakini mpingo huchukua takribani miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa kwa sababu ya nyufa.

Ng'ambo ya Tana, huko Ukambani, madhara yalionekana mapema. Mutisya Munge wa Wamunyu alipoanzisha uchongaji wa vinyago vya kuuza, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpingo ulikuwa karibu. Baadaye uliadimika, na wachongaji wakageukia miti mingine, ukiwemo mwarobaini.

Kusini mwa Tanzania mambo yalifuata mkondo tofauti, na huenda ndio wenye busara zaidi. Wanakijiji wa Kikole, wilayani Kilwa, walipata haki ya kisheria ya kusimamia msitu wao, na mwaka 2009 ukapewa cheti cha FSC, kinachotambulika kimataifa kuwa ni alama ya msitu unaotunzwa vyema. Anayetaka mpingo hununua kwa kijiji, nacho hufuata mpango unaoweka kiwango cha miti ya kukatwa.

Tangu 2017 biashara ya mpingo kati ya mataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Watengenezaji na wanamuziki walilalamikia vibali, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa katika masharti hayo. Magogo yangali yanadhibitiwa.

Mbeere haiwezi kuiga Kikole moja kwa moja, kwani ardhi nyingi imegawanywa kwa hati za watu binafsi. Uamuzi ni wa mwenye shamba. Hata hivyo, mpingo uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi, mradi mbuzi wasiyafikie machipukizi.