Kutoka Saiba ya Sagana hadi Kwenye Seva

Majuzi niliingia saiba moja mjini Sagana kuchapisha barua. Nilipofungua folda ya faili zilizopakuliwa, nikakuta kitambulisho cha kijana nisiyemjua, cheti chake cha tabia njema, PIN yake ya KRA na barua ya kuajiriwa. Alikuwa ametuma stakabadhi zake kwa mwajiri mpya, akalipa, akaenda zake. Nikazifuta, nikasafisha na pipa la taka la kompyuta, lakini moyo haukutulia.

Faili za wafanyakazi zinahama kutoka kabati la chuma kwenda mtandaoni. Watumishi wa serikali walishazoea kuchukua hati za mshahara kwenye mfumo wa GHRIS. Je, huko ni salama kuliko kabatini? Ndiyo, mambo matatu yakizingatiwa.

La kwanza ni usimbaji. Kanuni inayotumika sana ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, na ambayo Marekani iliifanya kiwango rasmi mwaka 2001. Hati hukatwa vipande vya baiti 16, kila kipande kikapangwa mraba wa nne kwa nne. Baiti hubadilishwa kwa jedwali maalumu, mistari husogezwa, safu wima huchanganywa, kisha ufunguo wa siri huongezwa. Ufunguo ukiwa wa biti 256, kazi hiyo hupita raundi 14. Fikiria gunia la pishori ya Mwea lililovurugwa punje kwa punje: mwenye ufunguo peke yake ndiye awezaye kurudisha kila punje mahali pake.

La pili ni mipaka. Mwenye ufunguo wa kabati husoma kila kitu. Katika mfumo uliopangwa vizuri, mhasibu huona akaunti ya benki bila kuona ripoti ya daktari, na msimamizi huona siku za likizo bila kuona majina ya watoto wako.

La tatu ni kumbukumbu. Karatasi haisemi imesomwa na nani. Mfumo huandika nani alifungua faili, lini, na alifanya nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya, ndoa na majina ya watoto kuwa data nyeti, na hizo ndizo zinazojaza faili ya mfanyakazi. Zikivuja na kuhatarisha mtu, mwajiri anapaswa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Asiye na kumbukumbu atamwarifu nini?

Hata hivyo, AES haimtambui mwizi aliyekuja na nywila sahihi. Ndiyo maana mfumo unapaswa kudai pia namba ya siri ya muda kutoka kwenye simu ya mwenye akaunti.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Hati zake zilibaki wazi kabla mwajiri hajapata nafasi ya kuzilinda. Mwajiri anayejali humruhusu mfanyakazi kupiga picha hati zake kwa simu na kuzipakia moja kwa moja kwenye mfumo. Nawe ukilazimika kutumia saiba, usinyanyuke kitini kabla hujatoka kwenye akaunti yako na kufuta kila nakala. Na ukishaajiriwa, omba kuona kilichomo katika faili yako. Sheria hiyo hiyo inakupa haki hiyo.